Akina Rwegoshora wa Mpakani

Jumamosi moja ya mwaka 1996, Desderius, fundi redio wa Nyaishozi, alikuwa akihangaika na redio ya Vestina iliyokuwa inakoroma. Aliipima kwa oskiloskopu, kijisanduku chenye kioo kinachochora umeme kwa mstari wa kijani, alichoachiwa na mzungu mmoja wa kambi za wakimbizi. Mstari ulipita mbio mno. Basi akaingia kwenye mipangilio ya kioo, akaongeza mwangaza, akaondoa miraba ya kupimia, na pale palipouliza mstari ukae muda gani kabla ya kufutika, akachagua: daima. Akafunga banda akaenda zake.

Jumapili kuku waliamka wakawa wanaacha kuku wengine nyuma yao, wa kijani, waliofifia kidogo. Kanisani padri alitoka sakristia akaacha mapadri wa kijani njia nzima hadi altareni. Waumini waliwapisha mapadri wote wakaenda kukomunika.

Vestina aliporudi kutoka misani alikuta akina Rwegoshora watano wa kijani shambani kwake. Rwegoshora mwenyewe, jirani yake na mwenyekiti wa kitongoji, hakuwa amekwenda kusali. Mmoja alikuwa ameinama anang'oa mramura, ule mmea wa mpakani, na mwingine ameubeba begani. Wa tatu alichimba katikati ya migomba ya Vestina, wa nne akashindilia udongo. Wa mwisho alikuwa anafuta jasho tu. Migomba hiyo ndiyo iliyolisha watoto tangu mumewe Fidele afariki. Vestina alilia kwa hasira, kisha akawaita wazee.

Wazee walikunywa kwanza rubisi, pombe ya ndizi. Halafu wakawasalimu akina Rwegoshora mmoja mmoja, maana adabu ni adabu. Mzee Byarugaba akauliza kama desturi inavyotaka:

"Nani alikuwepo mramura huu ulipopandwa?"

Wote watano wakanyoosha mikono. Yule wa kuchimba aliweka jembe chini kwanza.

"Na mpaka uko wapi?"

"Hapa hapa," wakajibu kwa pamoja.

"Mwanangu Vestina, mashahidi wako ni akina nani?"

"Mzee, si mnawaona wenyewe? Huyo si anang'oa?"

"Tunawaona. Ndiyo maana tumewauliza. Wa kwako?"

"Sina. Sote tulikuwa kanisani."

"Basi, imekwisha."

Rwegoshora mwenyewe, ambaye hakuulizwa kitu, alimalizia rubisi iliyobaki. Inakera, lakini ndivyo baraza lilivyoisha.

Desderius alirudisha mipangilio ya zamani. Wapya hawakutokea tena, ila waliokwisha kuchorwa walibaki. Redio nayo iliendelea kukoroma.

Siku hizi Vestina hupita pale na jembe, akienda kulima kilichobaki.

"Poleni na kazi," huwaambia.

Wanne hawaitiki, wana shughuli. Yule anayefuta jasho huitika, "Asante, mama," halafu huomba maji ya kunywa.

Naye humpa.