Mwanga wa Yule wa Mlangoni

"Hivi jirani, mbona jua linakuruka?"

Swali hilo liliulizwa na mama wa nyumba ya pili, asubuhi ya kuanika nguo, akiwa ameegemea ukuta mfupi unaogawa nyua zao. Shuka zilikuwa nyeupe hadi zinaumiza macho. Ndoo ya plastiki ilimeremeta. Hata paka aliyepita juu ya ukuta alikuwa na kivuli chake kamili. Lakini Fundi, mwenye shuka, alisimama katikati ya ua kama mtu aliyesimama chumbani na pazia limeshushwa. Jua lilimfika begani, likamzunguka, likaendelea na safari zake.

Fundi alijitazama mikono, akasema labda ni uchovu. Jirani akajibu kwamba uchovu anaujua, ameolewa nao, na haufanyi hivyo. Pengine ni upungufu wa damu. Wakamaliza kuanika, kila mtu akaingia kwake.

Watu walimwita Fundi kwa sababu alishona nguo, chumba cha mbele, cherehani ikiwa dirishani. Mumewe alikuwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi, kwenye mashine ya kuchanganya rangi za kuta, na wenzake walimwita Mzee wa Rangi ingawa hakuwa mzee. Mtu akimletea kipande cha kigae, au utepe, au ganda la yai, akasema nataka ukuta wangu uwe hivi, alichanganya na hakukosea. Jicho hilo alipewa na Mungu, na Fundi alikuwa wa kwanza kulishukuru, maana ndilo lililomwona yeye.

Akitoka kazini, Mzee wa Rangi alinawa, alikula, akaketi mbele ya kompyuta. Humo mlikuwa na mchezo wa ufalme wa kubuni, wenye majoka na wachawi, ngome na misitu, unaochezwa na watu wengi wasiojuana. Waliouunda waliujenga vizuri lakini, kwa maneno yake, waliuwasha vibaya. Alfajiri yake ilifanana na saa sita, na mishumaa yake ilikuwa baridi kama taa za hospitali. Ndiyo maana watu wenye jicho huutengenezea nyongeza. Nyongeza haigusi hadithi ya mchezo. Inabadilisha mwanga na rangi tu, ukungu wa bondeni uwe mzito kiasi gani, jioni iingie na wekundu upi, moto wa jikoni umguse nani. Akimaliza huiweka mtandaoni, na anayeitaka anaipakua bure. Mshahara wake ni sifa.

Fundi hakuwa na neno. Wapo wanawake ambao waume zao jioni hutafutwa kwa mlolongo wa simu. Wake alijulikana alipo. Mgongo wake ulionekana tangu mlangoni, na kwa kweli alikwishaujua mgongo ule kuliko uso.

Nyongeza yake ya mwisho ilikuwa ya bonde moja lenye nyumba ya wageni. Mlangoni mwa nyumba ile husimama mwanamke, mwenye nyumba, anayewapokea wasafiri waliochoka kupigana na majoka. Hana kazi nyingine. Upepo unampeperusha ukosi wa gauni, anasema karibu, basi. Mzee wa Rangi alimhangaikia mwanamke yule hadi akakonda, akimjaribishia mwanga huu na ule, na siku alipompatia uliomfaa, sifa zilimiminika kama bomba lililopasuka. Watu waliandika kwamba wakifika mlango ule hawataki tena kuendelea na safari. Majoka yalibaki yanangoja.

Ni juma hilo jua lilipoanza kumruka Fundi.

Alikwenda kupiga picha ya kitambulisho. Mpiga picha alimkalisha, akamwambia ainue kidevu, akabonyeza. Akaangalia, akasema kwa upole kwamba kiti kimetoka vizuri sana, arudi siku nyingine. Ibadani, mama mmoja aliyechelewa aliweka mkoba wake juu ya alichodhani ni nafasi tupu. Fundi aliushika mkoba ule mapajani hadi mwisho, akamkabidhi mwenyewe, wakatakiana amani. Kwenye cherehani, kitambaa kilikuwa na mwanga na sindano ilikuwa na mwanga, ila mikono yake ilikuwa kama mikono iliyo chini ya meza. Mishono haikupinda, maana mikono ilikuwa na miaka yake. Lakini wateja walisita mlangoni wakiuliza kama Fundi yupo, naye yuko mbele yao na futi ya kupimia shingoni.

Akajishonea gauni la manjano, lile la kuita macho barabarani. Alipolivaa likafanana na maji ya kuoshea vyombo. Akaenda kusimama nyuma ya mumewe.

"Umependeza," mumewe akasema, bila kugeuka.

Alikuwa anafuta kioo cha kompyuta. Alikihemea kwanza, kikashika ukungu, kisha akakifuta kwa kitambaa laini, taratibu, akizungusha, na alipofika kwenye uso wa yule mwanamke wa mlangoni akatumia ncha ya kidole. Fundi alitazama hadi mwisho. Alijaribu kukumbuka kama yeye amewahi kufutwa uso na mtu tangu aolewe. Hapo ndipo wivu ulipoingia, na haukubisha hodi.

Mke mwenza wa kawaida anazeeka. Anaumwa jino, anaunguza sufuria, anagombana na mama mkwe, nawe unapata pa kupumulia. Huyu hakuwa na siku mbaya. Wafanyakazi wa dukani walikuja kumtazama baada ya kazi, wakasimama na kofia mikononi. Jirani naye alikuja, akamtazama sana, akatoka akisema kwamba yule dada ana nuru, haki ya Mungu, na kwamba Fundi ajaribu kula matunda. Fundi alipoomba usiku ule aondolewe kijicho, alifika mahali pa kumtaja anayemkera, akakuta hana jina. Akasema tu: yule wa mlangoni, Bwana, wewe unamjua.

Siku ya mapumziko akaja wifi yake, dada mkubwa wa Mzee wa Rangi, mwanamke ambaye mdomo wake haukujua kupanga foleni. Amesikia habari sokoni, amekuja kujionea. Akavuta kiti, akavaa miwani, akasema chema chajiuza, sogea mdogo wangu nione. Kisha akasogeza uso hadi karibu na kioo.

"Mwanga huu naujua mimi," akasema. "Si wa kile chumba chenu cha kwanza cha kupanga? Siku wifi anakushonea kifungo mlangoni, na wewe na kamera ya kuazima unasumbua watu. Nilikuwa nimekaa hapo hapo kwenye ngazi."

Mzee wa Rangi akatafuta picha hiyo kati ya picha zake za zamani, akaifungua. Mlango ulikuwepo. Shati lilikuwepo, na kifungo, na uzi uliovutwa. Katikati palikuwa na giza lenye umbo la mwanamke aliyeinama.

Katika kazi ile kuna alama ndogo kama kibomba cha dawa ya macho. Ukiigusisha kwenye picha, inanyonya rangi unayoitaka. Ikishanyonya, kompyuta inauliza: unakili, au uhamishe? Watu wa kazi hiyo wakiwa na haraka hubonyeza bila kusoma, na mara nyingi hakiharibiki kitu.

"Ah," akasema. "Nilihamisha."

"Basi rudisha," Fundi akasema.

Wifi naye akasema rudisha, mtoto wa mama, cha mtu mavi. Mzee wa Rangi akawaeleza kwa utaratibu, kama anavyomweleza mteja kwa nini ukuta wenye unyevu haushiki rangi. Bonde zima limepimwa kwa kuufuata mwanga ule. Ukiutoa, mto utakuwa kama zege, ukungu utaganda, na mabawa ya majoka yatafubaa. Halafu watu wamekwishapakua, wamo nao majumbani mwao. Atawaendea mmoja mmoja?

Fundi akamwambia kwamba yeye hajapakuliwa, ameolewa.

"Mke wangu," akasema, na sauti yake ilikuwa ya huruma ya kweli, "wewe una mimi, una kazi, una majirani. Yule bila mwanga hana kitu."

Wifi akafikiri. Akasema huo nao ni ukweli wa aina yake, akaomba maji ya kunywa.

Mzee wa Rangi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mianga iliyobaki, aliyoijaribu bondeni ikakataa, akajitolea kumpa mkewe achague. Fundi alisimama katikati ya chumba, na yeye akawa anasukuma vitufe kushoto na kulia, kichwa kimeinamia bega kama yuko dukani. Akampa kwanza mwanga wa pango. Ulikuwa wa buluu; wateja wakampa pole ya msiba. Akampa wa mienge, wenye uchangamfu, lakini ulikuwa unacheza, na bibi mmoja aliyekuja kupimwa sketi akashikwa na kizunguzungu. Mwisho akampa wa mwezi, nao ukatulia.

Basi Fundi akawa anatembea na mwanga wa mwezi mchana kweupe. Nondo walimfuata hadi sokoni. Picha ya kitambulisho ilitoka, ila ofisini wakauliza kwa nini amepigwa usiku, na mpiga picha akaandika barua ya kuthibitisha kwamba ilikuwa saa nne asubuhi. Umeme ukikatika, jirani alimwita aje asimame kando ya meza amwangazie akichambua mboga, na Fundi alienda, maana ujirani ni kufaana. Watu wakazoea. Wakamwambia mwezi unaendana na umri wake, na walisema kwa nia njema.

Wivu haukuzoea. Mumewe akiwa kazini, Fundi alifunika cherehani, akaketi kwenye kiti cha mumewe, akamtazama yule wa mlangoni. Sasa alijua pa kutazama. Mwanga ule ulikuwa na kawaida ya kutua chini ya sikio, ukashuka hadi pembeni mwa mdomo, pale anapokatia uzi kwa meno. Kwa yule ulitua hapo hapo, ingawa hakuwa na uzi. Mtu akivaa gauni lako unaweza kumwambia alivue. Fundi alimwambia mara kadhaa, kwa adabu kwanza, kisha bila adabu, na yule akajibu kila mara: karibu. Alikuwa anamwonea kijicho mwanamke kwa kitu ambacho ni chake mwenyewe, na dhambi ya namna hiyo hakuwahi kusikia ikihubiriwa, wala hakujua inatubiwaje.

Siku moja mchana Mzee wa Rangi akarudi mapema. Akamwita mkewe kwa jina lake la usichana, akamvutia kiti. Ilikuwa muda mrefu hajavutiwa kiti. Fundi akajifuta nyuzi kwenye gauni, akaketi, na moyo wake, mjinga ule, ukaketi naye. Alidhani anarudishiwa.

Mezani palikuwa na maikrofoni mpya yenye kofia ya sponji, na chini yake taa nyekundu ndogo inawaka. Mumewe akaeleza kwamba watu wameandika. Wanampenda sana yule wa mlangoni, ila wanasema amepungukiwa na kitu. Anasema karibu, halafu kimya. Wanaomba acheke. Yeye amekwishamtayarisha, bado sauti tu. Akageuza kioo ili Fundi aone vizuri. Yule mwanamke alisimama mahali pake, katika jioni ya chumba cha kwanza cha kupanga, mdomo ameufunua, meno yamepangwa vizuri kuliko ya Fundi, anangoja.

"Kidogo tu," mumewe akasema. "Kile kicheko chako cha ukianza huwezi kukizuia. Safari hii nitanakili. Nakuapia kwa mama yangu."

Fundi alimtazama. Ule mwanga wa mwezi ulimwangukia mumewe kidogo kwenye shavu, na shavu lilikuwa na doa la rangi ya ukuta wa mtu.

"Kikoje?" akamwuliza.

Mzee wa Rangi alifungua mdomo amweleze. Hakukikumbuka. Akawaza, akakuna kichwa, akaona haya kidogo; kisha akageuka, akaangalia kwenye kioo, kwenye ule mdomo uliofunuliwa, kama mtu anayetazama saa ya ukutani aambiwe wakati.

Mistari midogo ilipanda na kushuka chini ya kioo. Yule wa mlangoni akatikisa ukosi.

"Kikoje?" akasema, kwa sauti ya Fundi.

"Imeshika vizuri sana," Mzee wa Rangi akasema, akasogeza maikrofoni karibu zaidi. "Haya, sasa cheka."

Fundi akafumba midomo kama ashikavyo pini wakati wa kupinda upindo. Akainuka, akakirudisha kiti chini ya meza pasipo kukiburuza, akapita nyuma ya ule mgongo, akatoka nje na kicheko chake.