Kutsinta Sita za Jaji Katindig

Umewahi kumwona mtu akipita mbele ya kitu anachokipenda, shingo ameigeuzia ukutani? Basi ndivyo Jaji Katindig alivyompita Aling Puring, mama muuza vikeki, asubuhi ile langoni mwa soko, mwavuli kwapani, hatua ndefu kama anayekimbia mvua.

Puring alibaki na kifuniko cha chungu mkononi. Kwa miaka kumi na mmoja jaji ndiye aliyekuwa mteja wake wa kwanza kila asubuhi: kutsinta sita, vikeki vya mchele vinavyonata, rangi ya sukari guru, juu yake nazi iliyokunwa asubuhi hiyohiyo.

"Si nilikwambia?" alisema Mang Isko, muuza samaki wa meza ya pili. "Serikali kuu inampa mshahara, lakini kila mwezi halmashauri ya mji wetu inamwongezea. Na wewe, mbele yake, umemshtaki nani? Mji huohuo! Dada, umekwisha."

"Nyamaza wewe, samaki wako ni wa juzi."

"Wa juzi, lakini hawana kesi!"

Puring akacheka. Mji ulitaka kumtoa pale langoni ili pikipiki zipate pa kusimama, na pale ndipo mama yake alipowasha jiko lake la kwanza. Hata hivyo, kila asubuhi aliendelea kutenga sita chini ya jani la mgomba. Jua likipanda, anaziuza kwa wengine.

Siku ya kesi jaji alivua miwani, akaifuta taratibu.

"Kabla hatujaanza. Tangu kesi hii iniangukie, nimeuandikia mji usimamishe nyongeza yangu. Tena mimi ni mteja wa mama huyu. Nako nimeacha kununua. Anayetaka jaji mwingine aseme sasa."

Wakili wa mji alitikisa kichwa: hapana. Puring aliinamia vidole vyake vyenye harufu ya nazi. Kumbe! Yeye alidhani jaji ameshibia kwingine.

Mwezi uliofuata hukumu ikasomwa. Mji haukumpa Puring ilani ya kuhama ambayo sheria yake wenyewe inataka. Puring abaki langoni. Mang Isko alimletea samaki mkubwa bila kusema bei, naye akamnusa kwanza.

Lakini kesho yake jaji akapita tena, shingo ukutani.

"Huyu vipi tena?" Puring aliuliza.

Karani wa mahakama, mdomo umejaa kutsinta, alicheka. "Mji una siku kumi na tano za kukata rufaa, Aling Puring. Mpaka ziishe, hagusi hapa."

Kila asubuhi Puring alitenga sita za jaji.

Siku ya kumi na sita, mvuke ndio kwanza unapanda, mwavuli uliegemezwa mezani. Jaji alisimama, kakohoa, katazama chungu, katazama mbao za lango. Puring akafunua jani la mgomba, akashika mbuzi ya nazi, akangoja.

"Sita," jaji alisema mwishowe. "Na leo, tafadhali, nazi usinibanie."