Kibao cha Bi Fadhiya

Swafia alikuwa akipangusa vumbi kwenye mashine yake ya kuchonga vibao, dukani Mji wa Kale, Bi Fadhiya binti Saif alipoingia baada ya alasiri, akaketi. Alikuwa amekufa miaka mingi. Swafia alimwamkia, akamwashia feni.

Bibi alisema amepita kwenye nyumba aliyoiweka wakfu kwa ajili ya mayatima, akakuta mlangoni kibao kipya kisicho na jina lake.

"Kina alama za kuuliza, mwanangu. Mimi ni wa kuulizwa?"

Kibao hicho kiliagizwa na mpwa wa Bibi, Huzaifa, msimamizi wa wakfu, jina likiwa kwa herufi za Kiarabu. Siku hiyo Swafia alikuwa mazishini Tudor, akamwachia duka Crispus, fundi wa kompyuta. Huzaifa alikipokea, akashukuru. Hapo Swafia akajiuliza: nani hushukuru kwa kibao kibovu?

Akafungua kompyuta. Kompyuta kama ile huambiwa, kwa jina fupi, lugha yake, nchi yake, na herufi za kutumia. Yeye aliiwekea sw_KE.UTF-8: Kiswahili, Kenya, herufi za walimwengu wote. Sasa palikuwa na C peke yake. Iliyowekwa C haina nchi. Hujua alfabeti ya Kiingereza basi, na herufi isiyoijua huitilia alama ya kuuliza.

Akampigia Crispus. Crispus alijibu taratibu kwamba Huzaifa ndiye aliyeomba iwekwe hivyo, eti itakwenda mbio.

"Naye hiyo C aliijulia wapi?"

Simu ikakatika.

Swafia aliirudishia kompyuta jina lake la zamani, akachonga kibao kingine, akaenda na Bibi hadi kwenye ile nyumba. Majirani walimwamkia marehemu na kumuuliza habari za huko. Mlangoni palikuwa na kufuli mpya. Bawabu, Charo, aliwaambia nyumba imeuzwa na mayatima wamehamishiwa Tononoka. Wakili wa mnunuzi alikisoma kile kibao akaona wakfu hauna mwenyewe, kwa hiyo nyumba yauzika. Swafia akamwonyesha cha sasa. Charo alikitazama, akausifu mwandiko, wala hakufungua.

Tangu hapo Bi Fadhiya hushinda dukani, kibao mapajani. Huzaifa akipita kwenda msikitini husimama, humbusu mkono.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba," hujibu Bi Fadhiya, naye Huzaifa huenda zake kuswali.