Amri ya Herufi Kubwa

Mfalme wa nchi ya Maandiko alikuwa amechoka kutawala vitu vidogo. Akaamuru kila jina la raia liandikwe upya kwa herufi kubwa na kubandikwa mlangoni. Atakayebaki na jina dogo, asiteke maji katika visima vya ufalme.

Kazi ilimwangukia Mkuzaji, msomi wa ikulu, na mtambo wake. Mtambo ulipokea herufi moja moja: yenye umbo kubwa ilitoka kubwa, isiyo nalo ilirudi kama ilivyoingia. Watu wa mjini wakapita, wakatoka na majina marefu kama nguzo. Kisha wakaja watu wa Bondeni, waandikao kwa herufi pana za mababu zao. Herufi hizo hazikuwahi kuwa na kubwa wala ndogo. Zikaingia pana, zikatoka vilevile.

Mwanatumu, mfinyanzi wa Bondeni, alikuwa amesimama foleni tangu alfajiri, ndoo tupu miguuni.

"Mwanangu, jina langu limekosa nini?"

"Halijakosa kitu, mama. Halina ukubwa wa kuongezewa."

"Basi kawaambie hivyo."

Mkuzaji akaenda barazani. "Mtukufu, huu si ukaidi. Herufi zao zimekamilika hivyo zilivyo."

"Zimekamilika?" Mfalme akacheka kidogo. "Katika nchi hii aliyekamilika ni mmoja."

Waziri akainama. "Mtukufu, mtambo ni mtumishi tu. Ufundishwe lugha ya ikulu peke yake. Herufi usiyoijua, utoe kisanduku kitupu mahali pake. Angalau kitakuwa kisanduku kikubwa."

Baraza likapiga makofi. Mkuzaji alifungua kinywa, akawakumbuka wanawe, akakifumba. Akaurekebisha mtambo. Mwanatumu akapewa bamba la visanduku vitupu, na jirani yake kadhalika, na jirani wa jirani. Bonde zima likapata maji, likakosa majina.

Mwaka uliofuata adui akavuka mpaka. Njia za milimani walizijua watu wa Bondeni tu, hivyo mpiga mbiu akatumwa kuwaita vitani. Akaenda nyumba kwa nyumba, akikodolea macho mabamba.

"Anakaa nani hapa?"

"Si umeletwa kuita? Soma," alisema Mwanatumu.

"Hapasomeki, mama."

"Basi huyo asiyesomeka ndiye mliyemwita. Mngojeni."

Hakusema kwa hasira. Hasira ilikuwa imemwishia foleni. Akarudi kwenye udongo wake, akaendelea kufinyanga.

Mpiga mbiu akarejea peke yake. Mfalme akamwita Mkuzaji.

"Warudishie majina yao ya kwanza. Leo hii!"

"Haiwezekani, Mtukufu," alijibu Mkuzaji, na sauti yake ilikuwa ya mtu asiyelala vizuri kwa muda mrefu. "Herufi zote zilitoka zikiwa kisanduku kilekile. Hakuna hapa ikulu ajuaye kipi kilikuwa nini."

Lango la ikulu lilivunjwa na adui kabla ya adhuhuri. Mfalme alitokea roshanini, watu wa Bondeni wakipita chini na mizigo yao kuelekea milimani. Akataka kumwita mmoja wao, yeyote, aje amwonyeshe njia. Kinywa kilikuwa wazi, na hapakuwa na jina la kutoka humo.