Saa Moja Bila Maziwa

Mimi Mektrida sijawahi kumlea mzazi akatoka mwembamba. Mkwe wangu Gladys alipojifungua mjukuu wangu wa kwanza, nilimweka ndani miezi mitatu kama mama mkwe wangu alivyoniweka mimi: mtori wa ndizi na nyama asubuhi, mtori jioni, na katikati maziwa ya ng'ombe wangu. Siku alipotoka kwenda kanisani na mtoto, wanawake walinishika mkono mimi, si yeye. "Umemtunza mke wa Martin," walisema. Nilivimba kichwa wiki nzima.

Mtoto alipofikisha miezi minane, Gladys alikuwa bado ananenepa, na mtori ulikuwa umekoma zamani. Chakula alikuwa anadonoa tu. Uso ulimjaa, alivaa sweta jua likiwaka, nywele zilibaki kwenye kitana. Sauti yake iliyokuwa ikiongoza kwaya ya parokia ikawa nzito, ya kukwaruza, akaacha kwenda mazoezini. Tukitoka mtoni kukata majani ya ng'ombe, alikaa kwenye kila jiwe la mpando wa kurudi nyumbani, nami nikamsubiri na mzigo wangu kichwani, nikisema moyoni kwamba mwanangu ameoa mvivu. Siku nyingine nilisema kwa mdomo. Mungu anisamehe.

Mwanangu Martin huongoza watalii mlimani; aliposhuka na wageni wake, alimpeleka mkewe kliniki mjini Moshi. Wakampima damu. Wakasema tezi ya shingoni imelegea, haitoi kile kinachouamsha mwili ufanye kazi zake, na ikiachwa hivyo hata moyo unaweza kuzembea. Akapewa vidonge, kimoja kila alfajiri, pengine maisha yake yote. Nilikiweka kimoja kiganjani. Kilikuwa kidogo kuliko punje ya mahindi.

"Hiki ndicho kitamwinua mtu mzima?" nilimuuliza Martin.

"Ndivyo walivyosema, Mama."

Kwangu mama anayenyonyesha hapewi dawa kavu. Kwa hiyo kila alfajiri niliamka, nikakamua, nikachemsha, nikamletea Gladys kidonge chake na kikombe cha maziwa ya moto. Nilisimama mpaka amalize.

Nyumbani hatuna mizani, basi kila mwezi tulikwenda kwenye ghala la chama cha ushirika, anapopimia kahawa karani Wenseslaus. Mara ya kwanza Gladys alikuwa na kilo tisini na moja. Mara ya pili tisini na moja. Mara ya tatu tisini na mbili, na Wenseslaus, mtu wa utani siku zote, alijifanya anatafuta kalamu.

Tukiwa njiani Gladys alisema, "Mama, kesho nakwenda kliniki kuwarudishia vidonge vyao. Nimechoka kujidanganya."

Niliogopa. Nilikumbuka lile neno la moyo kuzembea. Sikulala vizuri, na asubuhi nikambeba mjukuu, nikamfuata.

Muuguzi aliitwa Eliona, binti mdogo tu. Aliniamkia, akamsikiliza Gladys mpaka mwisho, akampima damu tena, akatazama majibu. "Iko vilevile kama siku ya kwanza," alisema. "Dada, kidonge unameza na nini?"

Nilijibu mimi, kwa fahari. "Na maziwa. Namletea mwenyewe, yakiwa ya moto."

Eliona aliweka kalamu chini. Hakucheka. "Mama, maziwa yanakizuia kidonge kisiingie mwilini sawasawa. Kahawa nayo hivyo hivyo. Ameze kwa maji matupu, akae saa moja ndipo ale." Akamgeukia Gladys. "Na usitarajie kilo zote ziondoke kwa kidonge. Kitakupunguzia kiasi na kukurudishia nguvu. Zilizobaki utazishusha kwa kutembea na kupunguza sahani, polepole."

Miezi miwili nilikuwa nikimpa mkwe wangu dawa na kumnyang'anya kwa mkono uleule. Nililia pale pale kwenye benchi, na sikuona aibu.

Gladys akavirudisha vidonge kwenye mkoba. "Tujaribu tena, Mama. Utaniletea maji."

Nimelea watoto sita, nimezika mume, lakini hakuna kazi iliyonishinda kama kukaa saa nzima na maziwa yanapoa mbele ya mtu asiyeruhusiwa kunywa. Nilimpa maji tu. Nilitazama saa ya ukutani.

Wiki ya sita nilikuwa zizini niliposikia wimbo wa kwaya. Nikadhani ni redio ya jirani. Nilichungulia, nikamwona Gladys anafagia uwanja, na ile sauti nyembamba inatoka kooni mwake. Niliacha kukamua, ng'ombe akageuka kunitazama. Punje ndogo vile na maji ya bombani.

Mwezi wa pili ulipotimia, mizani ya kahawa ilisoma themanini na nane. Wenseslaus alisema amepungua kwa kilo nne tu, wengine kwa muda huo wanapoteza kumi. Gladys alimshukuru, akamfunga mtoto mgongoni, tukaanza kurudi.

Kwenye ule mpando nilisimama penye jiwe la kwanza, kwa mazoea, nimsubiri akae. Hakukaa. Alipita la pili, akapita la tatu, mtoto anacheza na kitambaa chake cha kichwa, na wimbo unashuka kuja kwangu. Nilivua ndala, nikakusanya kanga, nikamwita.

"Gladys, mwanangu, nisubiri."