Wimbo wa Kijito Kilichofungwa

Jabez Entwistle hakuwa akisema na binti yake tangu Krismasi, lakini uji wake alikuwa anaula. Keziah aliupika alfajiri kabla ya kengele ya kiwanda cha nguo alikofanya kazi, akaufunika, akaondoka. Jabez alishuka baadaye, akala mpaka akakomba sufuria, kisha akapanda tena chumba cha juu kukaa na mtambo wake wa kufumia, ambao siku hizi haukuwa na uzi. Ungemuuliza, angekuapia kwamba kiwanda hakijamlisha hata siku moja.

Alikuwa mtunzi wa nyimbo. Katika bonde lile la Lancashire, Uingereza, kila mfumaji alifuma huku akiimba, na nyimbo nyingi zilitoka kwake. Mguu ulikanyaga, mtambo ukagonga, maneno yakaja. Ujanani, habari zilipofika kwamba Wafaransa wamebomoa gereza la mfalme wao, alitunga wimbo wa uhuru ulioimbwa mpaka hakimu akatuma askari.

Wimbo uliomshinda ni ule wa kijito. Kijito chenyewe kilipita nyuma ya nyumba miaka nenda miaka rudi na hakuna aliyekijali. Walikifulia nguo, wakakitupia taka. Siku mwenye kiwanda alipokifunga ili kizungushe gurudumu la kuendeshea mashine zake, kila mtu akagundua kuwa alikuwa anakipenda. Ndivyo binadamu tulivyo. Jabez akatunga beti tatu za kukililia, na watu wazima wakatokwa na machozi. Ubeti wa nne haukuja. Mashine za kiwanda zilipowanyang'anya wafumaji kazi na mtambo ukanyamaza, akaukatia tamaa wimbo.

"Huko ndani hakuna anayeimba," alimwambia Keziah siku alipokwenda kuandikwa kazi kiwandani. "Zile mashine zinakula sauti za watu. Ukiingia humo, usinisemeshe tena."

"Sawa, baba," alijibu Keziah. "Lakini kula utakula?"

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya mwisho.

Baridi ilipopungua, wafumaji wa bonde zima walikubaliana kwenda kuvunja mashine, tena mchana kweupe. Jirani wa Jabez, Amos Kershaw, alimgongea asubuhi, hata kabla hajashuka kwenye uji wake.

"Mzee, nyimbo umetuimbia za kutosha," alisema. "Leo shika nyundo."

Jabez akaishika. Alitembea mbele ya kundi, akafika wa kwanza kwenye dirisha la kiwanda, akachungulia.

Kelele za humo ndani zilitetemesha kioo. Kwa sababu hiyo wanawake wa kiwandani walikuwa wamezoea kuzungumza kwa midomo tu, bila sauti, kila mmoja akisoma mdomo wa mwenzake. Jabez alishawahi kuwacheka kwamba wanatafuna hewa kama ng'ombe. Sasa aliona midomo yao yote ikifunguka na kufungika kwa pamoja, safu nzima, na Keziah katikati. Hakuelewa neno. Lakini mguu wake ulianza kukanyaga ardhi, wenyewe, na mguu ndio uliomjulisha kwamba wanaimba wimbo wa kijito.

Ukapita ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Hapo wimbo ulipaswa kukatika. Midomo haikukoma. Iliendelea ubeti mzima, na mwishoni Keziah akatabasamu.

"Wameumaliza," alisema Jabez. "Amos, wamemaliza wimbo wangu."

"Wimbo gani? Mimi nasikia mashine. Unaingia, au umeogopa?"

Watu walikuwa wakimtazama. Akaingia nao.

Wanawake walirudi nyuma ukutani, isipokuwa Keziah, aliyebaki na mkono juu ya mashine yake. Jabez angeweza kusema, hii iacheni. Neno lilikuwepo mdomoni. Lakini macho ya wenzake yalikuwa mgongoni mwake, na njaa ya miezi yote ilikuwa mikononi, na nyundo ilikuwa imeshainuliwa. Keziah aliondoa mkono wake. Jabez akapiga mpaka chuma kikapasuka.

Mashine zote zilipokufa, kimya kikawa kikubwa. Maji ya kijito yalisikika chini ya sakafu, yakimwagika bure juu ya gurudumu lililosimama.

"Keziah," alisema Jabez. "Ule ubeti wa nne. Mliutungaje?"

Keziah alitazama vyuma sakafuni. Kisha akamtazama baba yake, akachezesha midomo bila kutoa sauti.

"Sikupati, mwanangu. Sema nisikie."

Akarudia, polepole, bila sauti vilevile. Akachukua shali yake, akatoka.

Jabez alimgeukia Mercy Holt, aliyefanya kazi kwenye mashine ya jirani. "Huo ndio ubeti wenyewe? Niambie, tafadhali."

"Ubeti gani, Mzee?" Mercy alijifuta macho kwa aproni. "Anasema uji uko jikoni, ukale. Na unga umekwisha."