Kituo cha Maboya

Karibu kila safari kati ya Butembo na Beni, teksi ya Mashaka ilisimama Maboya, mbele ya nyumba moja ya mabati. Dereva aliruka chini kama mtu aliyefukuzwa na nyuki, akapotelea nyuma ya migomba. Baadaye alirudi amenawa mikono, uso umetulia, akawasha gari bila kueleza lolote.

Abiria wana macho, na macho yana midomo. Haukupita mwezi, habari ikafika Beni kwa wazazi wa Asma, mchumba wake: kijana ana "deuxième bureau" Maboya. Kwa watu wa huko, ofisi hiyo ya pili ina maana moja tu, mwanamke wa pembeni. Baba akatangaza kwamba ndoa, iliyobakiza wiki mbili, ivunjwe.

Asma hakulia. Alikuja Butembo, akapanda kiti cha mbele cha teksi ya Mashaka.

"Leo utanionyesha bureau yako," alisema.

Nyuma, abiria walikohoa kwa furaha.

Kwa miaka minne Mashaka alikuwa amejifunza kuishi na utumbo wake. Alimeza dawa kila asubuhi, aliandika daftarini vyakula vilivyomchokoza, alijua vyoo vya njiani kama alivyojua mashimo ya barabara. Daktari alimweleza kuwa utumbo umevimba na una vidonda, maradhi yanayotulizwa bila kung'oka. Hayo yote aliyamudu. Kuyatamka mbele ya Asma ndiko kulikomshinda.

Leo tumbo lilikuwa shwari. Angeweza kuipita Maboya, na uvumi ungekufa taratibu. Nyumba ya mabati ilipojitokeza, mguu wake ulisita. Kisha akafunga breki.

Bikizee mmoja, Koko Kavuo, alitoka na funguo mkononi. "Mashaka! Leo umekawia." Akamwona Asma. "Na huyu ni nani?"

"Ni mimi mwenye Mashaka atamuoa. Wewe ndo bureau yake?"

Koko Kavuo alicheka hadi akashika ukuta. "Mimi? Na hii meno yangu tatu?" Akamvuta Asma nyuma ya migomba, kwenye choo cha mbao chenye ndoo ya maji na sabuni. "Bureau yake ndo hii. Anaisafishaka yeye mwenyewe."

Mashaka alisimama kando, macho chini. "Niko na ugonjwa ya matumbo. Kuna siku inatulia, kuna siku inanikimbiza. Haiambukizi. Haitapona kabisa, lakini na dawa ninaishi muzuri."

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Nilisikia haya."

"Kumbe batu walininyima usingizi wiki muzima juu ya choo?" Asma alijaribu kukunja uso. Kicheko kikamponyoka.

Mama mmoja aliyebeba kuku akasogea kutoka kwenye teksi. "Shofere, pardon. Ile funguo, na mimi naweza kuipata?" Nyuma yake wanaume wawili walishuka, wakijifanya kunyoosha miguu. Punde kukawa na foleni.

Asma aliegemea boneti. "Maharage unakula?"

"Siku ya muzuri, kidogo."

"Na siku ya ndoa?"

"Wali. Na samaki."

Asma akatoa simu. "Mama, ile maharage ya sherehe, tuipunguze. Hapana, hatujavunja kitu. Ngoja nikueleze..."

Akamtazama Mashaka. Mashaka alifuta kiganja kwenye suruali, akanyoosha mkono aipokee simu.